X, H au Y? Uzi wa kuchagua kiungo cha ekzosi kwa Mustang GT 5.0 na V8 za aina yake (V6 pia zimo)

#1 Krenki90, Nairobi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mustang za usukani wa kulia zilianza kutoka kiwandani na toleo la 2015, na sasa tunaziona mitaani kwetu zikiwa zimetokea Uingereza. Gari likishapanda kwenye lifti, swali ni lile lile: mabomba mawili yanayoshuka kutoka kwenye injini yaunganishwe kwa X, kwa H, au kila moja lishike njia yake mpaka nyuma? Majibu mengi yanazungumzia sauti peke yake. Tuanzie kwenye injini, maana ndiyo inayoamua.

Coyote 5.0, injini ya Mustang GT, ni V8 yenye krenki ya msalaba (shingo zake zinaachana kwa nyuzi 90, ukiitazama kwa mbele unaona msalaba). Silinda zinawaka kwa mpangilio huu: 1-5-4-8-6-3-7-2. Kwa Ford, silinda 1 hadi 4 ziko kulia na 5 hadi 8 ziko kushoto, ukiwa umekaa ndani unatazama mbele. Chukua karatasi uandike pande tu: kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Umeona pale katikati? Silinda ya 8 ikitema, ya 6 inafuata nyuzi 90 tu za mzunguko wa krenki baadaye, zote kushoto, zote kwenye bomba moja. Mzunguko ukirudi mwanzo, ya 2 na ya 1 zinafanya vivyo hivyo upande wa kulia.

Injini nzima inapiga kila baada ya nyuzi 90 bila kukosea. Lakini ukilisikiliza bomba moja peke yake, mapigo yanaachana kwa nyuzi 180, 90, 180, 270. Hapo ndipo inapotoka ngurumo ya kudundadunda ya V8 za Kimarekani. Na wakati kushoto kumesongwa na mapigo mawili yanayofuatana, kulia kuna lile pengo la nyuzi 270, bomba limetulia. Kiungo kinapata kazi yake hapo.

Wenye V8 za LS za General Motors (1-8-7-2-6-5-4-3, witiri kushoto, shufwa kulia) mchezo ni huo huo: 2 na 6 zinabanana kulia, 3 na 1 zinabanana kushoto.

H ni bomba fupi linalokatiza kati ya mawili. Moshi mwingi hauvuki hapo, kinachovuka hasa ni shinikizo. Pigo likifika kwenye mdomo wa H, sehemu yake inaingia upande uliotulia na kilele chake kinashuka. Kila upande unabaki na mpangilio wake wa mapigo, kwa hiyo ngurumo inabaki, ila inakuwa na kina kuliko mabomba yasiyounganishwa. Mustang 5.0 za 1986 hadi 1993 zilitoka kiwandani na H, na sauti ile ndiyo watu wengi wanayoikumbuka wakisema "inalia kama Mustang".

X inakutanisha mabomba ubavu kwa ubavu, moshi wote unapita kwenye chumba kimoja kisha unagawanyika tena. Mapigo ya pande mbili yanachanganyika, na kila bomba la nyuma linabeba kitu kinachokaribia pigo moja kila nyuzi 90. Sauti inapanda na kulainika, kudunda kunapungua sana, na mizunguko ikiwa juu inakuwa kali. Kwa upande wa mtiririko X ina faida kidogo huko juu, kwa kuwa kila pigo linapata mabomba mawili ya kutokea.

Kuacha bila kiungo sikushauri kabisa. Unapata kelele na mvumo ndani ya gari, na hupati chochote cha kufidia.

Msimamo wangu: kwa gari la barabarani lenye katalitiki zake (visafishaji vya moshi), chagua H kama unataka mdundo, chagua X kama unapenda kuipeleka injini juu. Tofauti ya nguvu kati yake ni ndogo, na kazi mbovu ya kuchomelea inaila yote ikabaki deni. Mafundi, karibuni.

#2 Bomba_Keko, Dar es Salaam

Mkuu Krenki90 umeeleza vizuri. Niingie kwenye chuma.

H kwanza, maana wengi wanaidharau kwamba ni rahisi. Bomba la kukatiza liwe na kipenyo sawa na mabomba makuu, au pungufu kwa nusu inchi isizidi. Ukiweka la inchi moja na nusu kati ya mabomba ya inchi 2.5 umeweka pambo. Ncha zake zikatwe mdomo wa samaki ili zikae juu ya mgongo wa bomba kuu bila mwanya. Kosa ninaloliona zaidi kwenye kazi zinazoletwa kurekebishwa: tundu la kwenye bomba kuu limetobolewa dogo, halafu bomba la kukatiza likachomelewa juu yake. Kwa nje ni H safi. Kwa ndani mdomo ni nusu ya inavyotakiwa. Kosa la pili ni kinyume chake, bomba la kukatiza limezama ndani ya bomba kuu na kusimama kama kizingiti njiani mwa moshi.

Utaratibu:

1. Gari likae kwenye lifti inayobeba magurudumu, au kwenye stendi zilizowekwa chini ya suspensheni. Ukipima miguu ikiwa inaning'inia, ukishusha gari mabomba yanagusa.
2. Weka alama ya tundu kwa kipenyo cha NDANI cha bomba la kukatiza. Toboa kwa msumeno wa duara, maliza kwa faili ya mviringo, ondoa vinyweleo vyote vya chuma.
3. Toa waya hasi wa betri kabla ya kugusa mashine ya kuchomelea. Klempu ya ardhi ishike bomba lile lile unalochomelea. Ukiibana kwenye bodi, umeme unatafuta njia kupitia beringi na kompyuta ya gari.
4. Shika kwa nukta tatu au nne tu gari likiwa juu. Shusha mabomba, malizia mezani.
5. Chomelea vipande vya sentimita mbili au tatu, ukihama upande. Ukizunguka mfululizo, bomba linavutwa na ncha za mbele hazikutani tena na flanji.

X ya kutengeneza mwenyewe inatoka kwenye kona mbili za nyuzi 45 zilizokunjwa kwa mandreli (kiini cha ndani kinachozuia bomba kubonyea). Kila kona inakatwa mgongoni kwa mstari ulionyooka, kisha nyuso mbili zilizokatwa zinakutana. Dirisha linalobaki ndani ni la umbo la yai, na eneo lake lisiwe chini ya eneo la bomba moja. Pima kabla ya kufunga: weka kona juu ya karatasi, chora dirisha, hesabu. Ukikata juujuu mabomba yanabusiana tu na dirisha ni dogo. Ukikata ndani sana, chumba cha katikati kinakuwa kipana, mwendo wa moshi unakufa pale na ile faida ya X imeondoka. Kona zilizokunjwa kwa mashine ya kubana, zile zenye mikunjo kwa ndani, zisitumike kwa X. Zinapungua kipenyo mahali pale pale unapohitaji nafasi.

Na tafadhali, mabomba ya maji yaliyopakwa zinki yasiingie kwenye ekzosi. Moshi wa zinki wakati wa kuchomelea unamletea fundi homa usiku huo huo, na joto la ekzosi linabandua ile zinki ndani ya muda mfupi, kisha kutu inaingia kwenye weldi.

#3 Zed33, Mombasa

Wadau wa V6 wasije wakanakili ya V8. Nissan Fairlady Z33 na Skyline V35 zina injini ya VQ35DE, moto 1-2-3-4-5-6, witiri upande mmoja, shufwa upande mwingine. Pande zinapokezana kila nyuzi 120 na kila upande unapiga kila nyuzi 240, sawasawa kabisa. Hakuna mapigo mawili yanayobanana kama ya Coyote.

Kwa hiyo ukitenganisha mabomba mpaka nyuma, umepata injini mbili za silinda tatu zinazolia kwa wakati mmoja. Ule mkwaruzo kama wa bati unaolaumiwa kwenye VQ unatoka hapo, na H hauutoi, unaupunguza kidogo tu. X inarudisha mapigo karibu na nyuzi 120 na mkwaruzo unashuka sana. Kiwanda chenyewe kiliweka Y kwenye Z33: mabomba mawili yanakuwa moja, linakwenda nyuma, kisha linagawanyika kwenye sailensa ili uone ncha mbili.

Y si kitu kibaya. Tatizo lake ni bomba moja la baada ya muungano likiwa jembamba. Piga hesabu kwa chuma cha unene wa milimita 1.65: bomba la inchi 2.25 lina nafasi ya inchi za mraba 3.5 hivi, mawili ni 7.0. Bomba moja la inchi 2.5 lina 4.4. Umebana njia kwa zaidi ya theluthi. La inchi 3 lina 6.5, hapo unaelewana na injini. Pembe ya muungano iwe ndogo, nyuzi 30 jumla au pungufu, na ndani kuwe na ncha kali safi pale mabomba yanapokutana, bila tone la weldi.

Toyota Mark X na Crown zenye injini ya 4GR au 2GR ni V6 ya nyuzi 60 pia, fuata hesabu hii hii.

Na kabla mtu hajauliza: Subaru ya turbo haina mahali pa kuweka X. Baada ya turbo bomba ni moja. Mdundo wake unatoka mbele, kwenye manifoldi yenye mikono isiyolingana urefu.

#4 Mswahili_Houston

Upande wa kompyuta na sensa haujaguswa, na ndipo watu wanapotupa hela.

Sensa za mbele za oksijeni, moja kila upande, ndizo zinazoamua petroli. Kila moja inasoma silinda nne zake. Kiungo chochote, X au H, KIKAE NYUMA yake. Ukiunganisha mbele ya sensa, upande wa kulia unasoma moshi wa kushoto, kompyuta inaongeza au kupunguza petroli upande usiohusika, na hutaona hitilafu ya wazi, utaona tu gari linakunywa na plagi za upande mmoja zinakuwa nyeusi.

Sensa za nyuma zinachunguza katalitiki. Nazo zibaki mbele ya kiungo, maana zikisoma mchanganyiko wa pande mbili, katalitiki moja ikifa huwezi kujua ni ipi. Hitilafu P0420 ni ya benki (upande wa silinda) ya kwanza, P0430 ni ya benki ya pili. Kwenye Coyote benki ya kwanza ni kulia, silinda 1 ilipo.

Mwanya wowote mbele ya sensa, hata wa unene wa ukucha, unavuta hewa kati ya pigo na pigo. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli ni kidogo, inamwaga zaidi. Mtu anabadilisha sensa, tatizo linabaki, kumbe ni gasketi ya flanji.

Ukihamisha sensa: nyuzi zake za skrubu ni M18 x 1.5, kitako kipya kichomelewe ili sensa ikae juu ya mlalo kwa nyuzi 10 au zaidi. Ikielekea chini, maji ya asubuhi yanakusanyika kwenye ncha na kauri inapasuka ikipata joto. Kaza Nm 40 hadi 45, grisi ya shaba kidogo kwenye nyuzi tu, isiguse ncha.

Kuhusu kutoa masega ya ndani ya katalitiki: huku Marekani sheria ya shirikisho inakataza kuondoa katalitiki kwenye gari la barabarani, na duka linalofanya hivyo lina hatia. X au H iliyokaa nyuma ya katalitiki haina shida hiyo. Na kwa maoni yangu hata pasipo na sheria, ziacheni. Harufu inaingia ndani ya gari kila ukisimama, na Coyote haikosi nguvu kwa sababu ya katalitiki nzima.

#5 BintiTorki, Muscat

Niongeze mambo mawili: kipenyo na joto.

Kanuni ya mafundi ni futi za ujazo 2.2 za hewa kwa dakika kwa kila nguvu farasi, na bomba lililo wazi linapitisha kama 115 kwa kila inchi ya mraba. Kwa mabomba mawili ya inchi 2.5 unapata kama nguvu farasi 460. Kwa mawili ya inchi 3 unapata kama 675. Coyote ya 2015 kwa soko la Marekani ina 435, ya 2018 ina 460. Kwa hiyo inchi 2.5 inatosha gari lisilo na supachaja. Kwenda inchi 3 unaongeza nafasi kwa karibu asilimia 47, mwendo wa moshi unashuka kwa karibu asilimia 32, na hakuna X wala H itakayofidia huo mwendo chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika. Wenye supachaja, inchi 3 na X, msisumbuke kufikiria zaidi.

Joto sasa. Chuma cha 304 kisichoshika kutu kinatanuka karibu mikroni 17 kwa kila mita kwa kila nyuzi joto moja. Bomba la mita 2 likipanda nyuzi 400 linarefuka milimita 14. Chuma cha kawaida kinarefuka chini ya 10. Mabomba mawili yaliyo huru yanarefuka kila moja kivyake na raba za kuning'iniza zinameza. Ukishayafunga pamoja kwa X, umetengeneza fremu, na injini inapojipinda kwenye maunti zake ukikanyaga, fremu nzima inapokea. Ndiyo sababu nyufa zinaanzia kwenye pembe za X, pale weldi mbili zinapokutana mbele na nyuma ya dirisha.

Dawa ni flexi (vipande vya bomba linalonyumbulika) mbili, moja kila upande, mbele ya kiungo, zenye utando wa ndani, za urefu wa sentimita 10 hadi 15. Zikae zimenyooka. Flexi iliyofungwa ikiwa tayari imepinda inapasuka mapema. H inavumilia zaidi kuliko X kwa hili, lakini nayo bila flexi inakatika kwenye mdomo wa samaki.

Kwa 304, TIG (kuchomelea kwa umeme na gesi) yenye gesi ya agoni ndani ya bomba pia, lita 3 hadi 5 kwa dakika, ncha zikiwa zimezibwa kwa tepu ya alumini na kitundu kidogo cha kutokea. Bila agoni ya ndani, nyuma ya weldi inafanya ule ukoko mweusi wa chengachenga. Weldi ya namna hiyo kwa nje inang'aa, kwa ndani imeshakufa, na ukoko unazuia njia. Waya ni ER308L kwa 304 na 304, na ER309L ukiunganisha 304 na chuma cha kawaida au 409 cha kiwandani. Kwa unene wa milimita 1.5 ampea 50 hadi 65 zinatosha.

#6 Wa_Kirinyaga_Road, Nairobi

Hakuna aliyesema KIUNGO KIKAE WAPI. Njia ya zamani ya mafundi wa mbio: puliza mstari wa rangi ya bei rahisi, isiyo ya joto kali, kuanzia mwisho wa heda (mikono ya mabomba inayotoka kwenye silinda) kwenda nyuma kama mita moja na nusu. Endesha gari kwa mzigo mzito, zima, angalia. Rangi imeungua mpaka mahali fulani kisha ikabaki. Pale inapoishia ndipo pa kuweka H. Kwenye gari lenye heda ndefu huwa si mbali na mkia wa giaboksi.

#7 Mswahili_Houston

> *Pale inapoishia ndipo pa kuweka H.*

Kaka, hiyo inafaa gari la heda tupu. Gari lenye katalitiki halikupi mstari wa kuaminika, kwa sababu katalitiki yenyewe inazalisha joto na rangi inaungua mpaka nyuma yake. Unasoma joto la katalitiki, husomi mawimbi.

Ukitaka hesabu ya karibu: vali ya kutolea moshi inafunguka, na mpaka ufike wakati vali za kuingiza na kutolea ziko wazi pamoja ni kama nyuzi 230 za krenki. Kwa mizunguko 6,000 krenki inapita nyuzi 36 kwa kila elfu ya sekunde, kwa hiyo una milisekunde 6.4. Wimbi kwenye moshi wa moto linakwenda kama mita 550 kwa sekunde, linapata mita 3.5 kwenda na kurudi. Kiungo kikiwa mita 1.75 kutoka kwenye vali, wimbi la kuvuta linarudi kwa wakati wake. Kwa mizunguko 4,000 hesabu hiyo hiyo inakupeleka mita 2.6.

Sasa tazama chini ya Mustang. Kati ya mita 1.75 na 2.6 kutoka kwenye vali ndipo eneo la nyuma ya giaboksi, na ndipo kila mtengenezaji anapoweka X au H yake. Katalitiki zinalivunja wimbi kabla halijafika, faida yake inapungua, lakini mahali panabaki kuwa pazuri. Kwa hiyo mwenye katalitiki asihangaike na sentimita tano mbele au nyuma. Atafute panapotosha, X inahitaji nafasi ya urefu wa sentimita 30 hadi 45 iliyonyooka pande zote mbili. Mwenye heda ndefu bila katalitiki kwa gari la mbio, apulize rangi kama alivyosema mkuu.

#8 Wa_Kirinyaga_Road, Nairobi

Nakubali kwa gari la katalitiki. Kwa gari la mbio nabaki na rangi yangu, maana hesabu inadhani joto ni moja bomba zima na si kweli. Rangi inaonyesha gari lenyewe.

#9 Zed33, Mombasa

Mvumo, kwa sababu ndiyo malalamiko ya kwanza baada ya wiki moja barabarani.

V8 inatoa mapigo manne kwa kila mzunguko wa krenki. Ukiwa barabara kuu kwa mizunguko 2,000 ni mapigo 133 kwa sekunde. Lakini mabomba yasiyounganishwa yana sauti nyingine chini yake, hasa karibu 50 na 83 kwa sekunde, kwa sababu mpangilio wa kila upande haulingani. Hiyo ya chini ndiyo inayotikisa kifua na kuumiza kichwa safari ya Nairobi hadi Voi. X inaifuta kwa kiasi kikubwa. H inaipunguza. Anayesafiri mbali kila wikendi alipime hili kabla ya kuamua kwamba anataka mdundo.

Mvumo uliobaki unauawa kwa bomba la pembeni lililozibwa mwisho, urefu wake ukiwa robo ya wimbi. Kwa 133, ukikadiria moshi ni nyuzi joto 350, robo ni sentimita 94. Ila moshi ndani ya bomba lililozibwa haupiti, umepoa. Ukiwa nyuzi 150 robo ni sentimita 77. Kata la sentimita 95, weka kizibo cha kuteleza chenye klempu, sogeza ndani sentimita mbili mbili huku unajaribu barabarani kwa mzunguko ule ule unaovuma. Ukipata mahali, chomelea. Kipenyo kiwe sawa na bomba kuu, na mdomo wake uwe karibu na sailensa ya nyuma.

#10 Krenki90, Nairobi

Nimeulizwa faraghani: Ferrari 458 na Mustang GT350 ya 2015 hadi 2020 zina V8 pia, kwa nini zinalia tofauti hata zikiwa na kiungo kile kile? Krenki zake ni bapa (shingo zinaachana kwa nyuzi 180), pande zinapokezana moja moja, kila upande unapiga kila nyuzi 180 sawasawa. Hakuna cha kusawazisha. X kwenye Coyote inakusogeza upande huo wa sauti, haikufikishi. Njia kamili ya kuisawazisha krenki ya msalaba ni kuvusha mikono ya heda yenyewe kutoka upande hadi upande, silinda mbili za huku na mbili za kule kwenye kila kikusanyio, kama ilivyofanywa Ford GT40 miaka ya 1960. Ile gari injini iko nyuma na nafasi ipo. Kwenye Mustang giaboksi na usukani havikupi njia.

#11 BintiTorki, Muscat

Kwa atakayepeleka gari kwenye daino (mashine ya kupima nguvu) kulinganisha: tuni moja, siku moja, mafuta yale yale, gia yenye uwiano wa 1:1, joto la maji na la hewa ya kuingia viandikwe kila mara. Pima mara tatu kwa kila kiungo na utupe ya kwanza. Msitazame namba ya juu peke yake, tazameni mstari wa torki kati ya 2,500 na 4,500, ndipo gari linapoishi. Vipimo vitatu vya kiungo kile kile vikiachana kuliko X inavyoachana na H, basi hamjapima chochote na mchague kwa sikio.

#12 Bomba_Keko, Dar es Salaam

Nimalizie na ufungaji, maana hapa kazi nzuri zinaharibikia.

Usichomelee X ikawa kipande kimoja na mabomba ya mbele mpaka nyuma. Siku ya klachi, fundi hawezi kushusha giaboksi bila grenda. Weka klempu za V au flanji za bolti tatu mbele na nyuma ya kiungo, kila upande, jumla nne. Klempu ya V ni bora kwa sababu unaweza kuzungusha bomba kutafuta nafasi kabla ya kukaza.

Nafasi: milimita 20 kutoka kwenye sakafu, mwamba wa giaboksi na kingo za handaki, milimita 25 kutoka kwenye propela shafti. Kwa mistari ya breki na petroli, 50 au ngao ya bati. Kisha mtu akanyage breki, aweke gia ya kwanza na ya nyuma akiachia klachi kidogo kidogo, wewe utazame kwa taa jinsi mabomba yanavyohama. Chini, X isiwe mahali pa chini kuliko yote kwenye gari. Tuta moja la barabara za mtaani linatosha kuibonyeza, na X iliyobonyea katikati ni mbaya kuliko kukosa kiungo.

Kupima mwanya: injini ikiwa baridi, ziba ncha moja ya nyuma kwa tambara, puliza kwa mdomo wa kupulizia wa mashine ya kufyonzea vumbi kwenye ncha nyingine, paka maji ya sabuni kila kiungo. Povu likitokea kwenye weldi, saga mpaka chuma safi ndipo urudie kuchomelea, usipake weldi juu ya weldi.

Washa, ipashe moto kamili, zima, iache ipoe kabisa. Rudia mara mbili. Ndipo ukaze tena klempu zote, kwa sababu zimelegea, hata kama zinaonekana hazijalegea. Na raba za kuning'iniza zilizochakaa zibadilishwe siku hiyo hiyo: raba iliyolegea upande mmoja inaiacha X ikibeba uzito wa bomba la nyuma peke yake, na ufa unaanza wiki hizo hizo.